Nyumba Zetu Zatoka Jasho

Masika yakiingia, hasa mwezi wa Mei ambao ndio wenye mvua nyingi kuliko yote hapa Mombasa, huja na harufu ambayo kila mtu wa mji aijua ingawa ni nadra kuisikia ikitajwa barazani. Ni harufu ya kanzu iliyokaa kabatini, ya godoro lililoegemezwa ukutani, ya viatu vya Idd ambavyo havijavaliwa tangu hiyo Idd. Ukishika kitabu kilichopangwa karibu na ukuta, waona kurasa zimeshikana na jalada limeota manyoya ya kijani. Mama wa nyumba hupangusa, huanika, hufukiza udi, na wiki ya pili manyoya yamerudi pale pale. Nasi tumezoea kusema, "Ni mvua hizi," tukainua mabega, tukangoja kusi likolee.

Waama, mvua inasingiziwa. Masika hayakuanza jana. Wazee wetu waliyajua, na bahari waliijua, na fukuto la mji waliishi nalo bila feni wala umeme. Kilichogeuka ni nyumba. Tumezijenga na kuzitengeneza kwa namna ambayo maji huingia kwa wepesi na kutoka hayawezi, kisha twashangaa kuta zikitoka jasho.

Sitaki nionekane nawanyoshea wenzangu kidole huku changu nimekificha. Mimi mwenyewe ni mkosaji. Nyumba ninayokaa ni ya mawe, ya zamani, na ukuta mmoja wa chumba cha wageni ulikuwa ukidondosha vumbi la chokaa mabegani mwa kila aliyeegemea. Niliona aibu. Nikamwita fundi kijana, akaibandua chokaa yote hadi kwenye mawe, akapiga plasta ya simiti, juu yake tukapaka rangi ya mafuta, ile ing'aayo, inayopanguswa kwa kitambaa. Ukuta ukang'ara kama sahani. Nikafurahi, nikalisogeza kasha langu la madaftari mpaka likaugusa.

Masika ya pili baada ya hapo nilifungua kasha kutafuta shairi nililoandika ujanani. Madaftari yaliyokuwa upande wa ukuta yalikuwa yamelowa bila kumwagiwa maji. Wino umetapakaa, karatasi zimekuwa kama mkate uliochovywa chai. Katika kurasa kadhaa mwanzo wa mishororo umeliwa wote na vimesalia vina vya mwisho peke yake, vimejipanga upande mmoja wa ukurasa, wala mimi mwenyewe sikuweza kukumbuka vilikuwa vikifunga maneno gani. Mashairi yangu si kitu, naweza kuandika mengine. Lakini humo mlikuwamo na maneno niliyoyachukua kwa wazee, majina ya sehemu za jahazi, ya pepo, ya mitego ya samaki, na wengi wa waliyonipa wamekwisha tangulia mbele ya haki. Hayo nitamwuliza nani?

Nikamwendea mzee mmoja aliyekuwa fundi wa nyumba za mawe tangu utoto wake, nikamwambia, "Ami, ukuta nimeutengeneza kwa simiti nzuri, mbona umeniharibia vitu?"

Akanitazama kitambo. "Mwanangu, umeuvika koti la mpira, nawe wauliza kwa nini watoka jasho?"

Maneno yale yalinipeleka kuuliza na kusoma, na nimeona ni haki nikushirikishe, ndugu msomaji, kwa kuwa yahusu nyumba yako pia, iwe ya mawe huko Kibokoni au ya ghorofa huko Tudor.

Maji yanayolowesha nyumba pasipo paa kuvuja hutoka pande mbili. Upande wa kwanza ni hewa. Hewa hubeba maji ambayo jicho haliyaoni, na kadiri inavyokuwa ya moto ndivyo ibebavyo mengi zaidi. Meta moja ya ujazo ya hewa yenye joto la nyuzi 30 yaweza kubeba takriban gramu 30 za maji. Ikipoa hadi nyuzi 20 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 17 hivi. Zile zilizozidi zaenda wapi? Huteremka kwenye kitu cha kwanza chenye baridi. Jaza bilauri maji ya barafu uiweke mezani, utaona nje yake imelowa. Bilauri haikuvuja. Ni hewa ya chumba iliyogusa baridi ikatua mzigo wake.

Sasa zingatia hali ya kwetu. Hewa ya pwani siku nyingi ina unyevu wa asilimia 80 au karibu na hapo. Kwa joto la nyuzi 30, hewa kama hiyo huanza kutua maji mara tu igusapo kitu chenye nyuzi 26. Nyuzi 26 si baridi, wallahi! Sakafu ya vigae baada ya usiku wa mvua huifikia. Ukuta wa chumba chenye kiyoyozi kilichowekwa nyuzi 20 huishuka mno. Ndiyo maana utaona jambo la ajabu katika nyumba za wenye nafasi: kioo cha dirisha kinatiririka maji kwa nje, na jirani ambaye chumba chake kimepakana na kile cha kiyoyozi anaota ukungu ukutani mwake ilhali yeye hata feni hana. Baridi ni ya mwenziwe na maji ni yake.

Tena hewa hiyo twaizidishia sisi wenyewe. Mtu mmoja, kwa pumzi na jasho lake, hutoa zaidi ya nusu lita ya maji kwa siku bila kufanya kazi yoyote. Walaze watu watano katika chumba kimoja, dirisha limefungwa kwa ajili ya mbu na wezi, ufanye hesabu. Ongeza nguo zilizofuliwa na kutundikwa ndani kwa kuwa nje kwanyesha. Ongeza sufuria ya wali isiyofunikwa. Kisha kuna jambo ambalo mimi sikulijua mpaka juzi: gesi ya kupikia yenyewe hutoa maji inapoungua. Kilo moja ya gesi hutoa takriban kilo moja na nusu ya maji, yakitoka kwenye ule moto wa buluu kama mvuke usioonekana. Basi ule mtungi mdogo wa kilo 6, ukiisha, umemwaga chumbani kiasi cha lita tisa. Ndoo karibu nzima! Zamani jiko lilikuwa ua wa nyuma, na moshi na mvuke vikapanda mbinguni. Leo mpangaji wa chumba kimoja apika pale pale alalapo, na sikumlaumu, maana ua alionao ni upi?

Upande wa pili ni ardhi. Jiwe letu la matumbawe limejaa vitundu, na maji ya chini hupanda ndani yake kama mafuta ya taa yapandavyo utambi. Hupanda yakiwa yamebeba chumvi. Ukuta wa kale ulilijua hilo na ukaliachia nafasi: chokaa ni laini, ina pumzi, na maji yaliyopanda dhiraa moja yalitoka kupitia humo humo, upepo ukayachukua. Chumvi ikabaki juu ya chokaa, ikaibabua, na chokaa ikamomonyoka ikawa vumbi. Lile vumbi nililolionea aibu mabegani mwa wageni ndilo lililokuwa likilinda ukuta! Chokaa ilikuwa inaumia ili jiwe lisiumie. Simiti haifanyi hivyo. Ni ngumu, haina pumzi ya kutosha, na rangi ya mafuta juu yake humaliza kabisa. Maji yanayotafuta njia huzidi kupanda mpaka yavuke ukingo wa plasta, na ndiyo sababu nyumba zilizopigwa simiti chini waona alama ya unyevu imehamia juu, karibu na dirisha, na wenyewe wakaongeza simiti mpaka huko. Mwishowe maji hufika kwenye vichwa vya boriti.

Hapo ndipo jambo linapoacha kuwa la harufu na viatu. Dari ya nyumba ya mawe hubebwa na boriti za mikoko, na vichwa vya boriti vimezikwa ukutani. Mkoko ni mti wa maji, wastahimili mengi, lakini kichwa kilichofungiwa katika ukuta usiokauka huoza polepole, mahali ambapo hapana ajuaye. Kwa chini boriti yaonekana nzima na imepakwa rangi. Watu wamelala juu yake.

Watu hunieleza kwamba simiti ni maendeleo na chokaa ni ushamba. Nami huwauliza, kuta za Gedi zimesimama kwa nini? Mji ule ulihamwa zaidi ya miaka 300 iliyopita, dari zimeanguka, mizizi imepita kila mahali, mvua yazipiga moja kwa moja, na bado waingia ukahesabu vyumba. Ngome ya Yesu yenyewe, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ni jiwe la matumbawe. Chokaa ya zamani ilichomwa kwa mawe hayo hayo juu ya rundo la magogo, ikazimwa kwa maji, ikaachwa ikomae, kisha ikarudi kuwa jiwe taratibu ukutani kwa kunywa hewa. Jiwe lilirudi kwa jiwe, ndiyo maana vilielewana. Na chokaa mbichi ni kali. Ukungu haupendi kuota juu yake. Utotoni mwangu, Ramadhani ikikaribia, watoto tulipewa brashi za makumbi tukapaka kuta chokaa nyeupe mpaka macho yakawasha. Tulidhani twaipamba nyumba. Kumbe twaisafisha.

Wala haikuwa chokaa peke yake. Mtazame mpanga nyumba wa Lamu, mji ambao UNESCO iliutia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Kuta zake ni nene, kiasi cha nusu meta, jua la mchana lisipenye upesi. Vyumba ni vyembamba kwa kuwa urefu wa boriti hauruhusu zaidi ya meta tatu, lakini dari iko juu, na hewa ya moto yapata mahali pa kupanda. Katikati kuna kiwanda kilicho wazi kwa mbingu, ambacho huivuta hewa ya vyumbani kama bomba la moshi. Huko ndani ndani ziko zidaka, na msahafu na vitabu viliwekwa humo, mbali na sakafu, mbali na ukuta wa nje, hewa ikivizunguka. Na yote haya yalifanywa huku sitara ya watu wa ndani ikichungwa: mgeni aliyeketi dakani hakuona ndani, lakini upepo ulipita. Sisi leo tumeitafuta sitara hiyo hiyo kwa mapazia mazito na vioo vilivyofungwa, tukapata sitara tukakosa pumzi.

Hata nyumba za Majengo, ambazo hazikuwa za matajiri, zilikuwa na akili hiyo. Ukumbi ulipita katikati kutoka mlango wa mbele hadi uani, na ukifungua pande zote mbili upepo wakimbia kama mtoto. Kuta za vyumba nyingi hazikufika kwenye makuti. Kweli, ulimsikia jirani akikoroma, na pengine akigombana. Lakini hewa nayo ilivuka.

Sipendi kuipamba zamani kupita kiasi. Vyumba vya ndani vya nyumba za mawe vilikuwa na giza, na wengine walivikimbia mara walipopata uwezo. Majumba yale yalihitaji kazi kila mwaka, na katika zama zake nyingi ya kazi hiyo ilifanywa na watumwa, ambao wenyewe hawakulala chini ya zile dari ndefu. Ninalotaka turejeshe ni ujuzi. Mengine yamekwenda na yende.

Tusidhani tena kwamba ukungu ni aibu ya usafi tu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009 juu ya unyevu na ukungu majumbani, lilieleza kwamba wakaao katika nyumba kama hizo wana hatari zaidi ya kupata pumu na maradhi ya njia ya pumzi. Huko Uingereza, mtoto wa miaka miwili alifariki mjini Rochdale mwezi wa Desemba 2020, na uchunguzi wa mahakama uliomalizika Novemba 2022 ulithibitisha kwamba ukungu wa nyumba aliyoishi ndio uliomdhuru pumzi zake. Wazazi walikuwa wamelalamika, wakajibiwa kuwa ni mambo yao wenyewe ya kuishi. Kutokana na kifo hicho bunge la nchi ile lilipitisha mwaka 2023 sheria ya kuwabana wenye nyumba za umma watengeneze unyevu kwa muda uliowekwa. Hapa kwetu mpangaji akilalamika, jibu ni lile lile la mwanzo la Rochdale: fungua dirisha. Na dirisha lenyewe lafungukia ukuta wa jirani, mkono mmoja mbali.

Mimi ni mtu wa maneno, kwa hivyo niruhusu nirudi kwenye karatasi. Muyaka bin Haji, malenga wa Mvita aliyefariki karibu na mwaka 1840, tunamsoma leo kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya mashairi yake kutoka vifuani mwa watu miaka mingi baadaye, na Mwingereza W. E. Taylor akayachukua. Karatasi zao zimo London, katika maktaba ya SOAS, na diwani yenyewe ilichapishwa Johannesburg mwaka 1940. Twalalamika, na tuna haki, kwamba mtu wa Mombasa hupanda ndege kwenda kusoma mkono wa watu wa Mombasa. Lakini yaliyobaki huku kwetu tumeyaweka wapi? Yamo katika makasha ya familia, katika mabahasha chini ya vitanda, katika makabati yaliyobanwa kwenye kuta za simiti. Maulidi za mkono, hati za mirathi, tenzi za bibi ambazo hazijapigwa chapa hata mara moja. Kila masika huondoka na ukurasa, pasipo mwizi wala moto, na hapana gazeti linaloandika habari hiyo.

Basi nasema haya bila kuficha. Serikali za kaunti zetu za Pwani zinazo idara za ujenzi na vyuo vya ufundi. Na vifundishe chokaa, wakiwapo bado wazee wa kuifundisha. Fundi kijana aliyenipigia simiti hakuwa mjinga, hakufundishwa kingine. Na ramani ya ghorofa isipitishwe kama chumba cha kulala hakina dirisha la kutazama hewa ya kweli, au jiko halina tundu la kutolea mvuke. Wenye nyumba nao wasimwambie mpangaji afungue dirisha kabla hawajaziba mfereji wa paa unaomwaga maji mguuni mwa ukuta. Nakiri chokaa ina gharama, na kuichoma kwa njia ya kale kulikula miti mingi. Lakini chokaa ya mfuko yapatikana madukani, na gharama ya kubadilisha boriti nimeiuliza. Afadhali chokaa.

Na wewe uliye nyumbani leo, huwezi kuingoja kaunti. Kabati na kasha livute shubiri moja kutoka ukutani. Sufuria ifunikwe, jiko liwe karibu na dirisha lililo wazi, nguo za kuanika ziende barazani au juu ya dari hata kama ni kwa saa mbili za jua. Fungua pande mbili kwa pamoja, maana dirisha moja peke yake halivuti kitu. Lakini sakafu ikiwa imepoa na upepo wa joto wa baada ya mvua unaingia, ngoja kidogo mpaka nyumba ipate moto, usije ukaikaribisha hewa ikutulie maji mapya. Kiyoyozi, kama unacho, kisishushwe kama cha duka la nyama. Udi fukiza kwa raha zako. Waondoa harufu, ukungu hauondoi.

Yule mzee nimemrudia. Alikuja na nyundo yake, akagonga plasta yangu hapa na pale akisikiliza, kama daktari na kifua cha mgonjwa, akaniambia tuibandue yote, lakini si sasa. Ukuta uachwe mtupu kaskazi nzima, mawe wazi, upepo uukaushe, ndipo apige chokaa tabaka kwa tabaka. Kila tabaka lina siku zake, na hatokubali kuharakishwa. Nikamwuliza itachukua muda gani. Akasema, "Kwani wewe wenda wapi?"

Kasha nimeliweka katikati ya chumba cha wageni, kifuniko wazi, na madaftari yamesimamishwa kurasa zikiwa zimetawanywa kama mbawa. Wageni walizunguka wakipita kwenda kuketi, na wale wasionijua vizuri huuliza kama twahama.